Mitoko ya vuli na matamasha ya mjini pamoja na familia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila majani yanapoanza kugeuka, maswali huwa ni yaleyale, na mengi niliyauliza mimi mwenyewe kabla sijaanza kuulizwa. Nimeyaandika jinsi yanavyonijia. Mtaona jambo moja likijirudia: mtoko wa familia huongozwa na mwenye hatua fupi kuliko wote. Nilichukua miaka kulikubali hilo.

Vuli gani hiyo? Mimi najua vuli ni mvua.

Hujakosea. Afrika Mashariki vuli ni mvua fupi za kuelekea mwisho wa mwaka. Kwa nchi zenye majira manne, neno hilohilo tumelitumia kutaja kipindi kilicho kati ya kiangazi na baridi kali, pale majani yanapopukutika. Kaskazini mwa ikweta huhesabiwa kuanzia tarehe 22 au 23 Septemba, siku ambayo usiku na mchana hukaribia kulingana. Watabiri wa hali ya hewa hawasubiri hadi hapo: wao huanza tarehe 1 Septemba na kufunga tarehe 30 Novemba. Kusini mambo ni kinyume. Aliye Melbourne anaipata vuli yake Machi hadi Mei, kwa hiyo akisoma hapa "Oktoba", ajue kwake ni Aprili.

Majani hufikia kilele lini? Mwaka jana tulipofika yalikuwa yote chini.

Hakuna tarehe moja. Milimani hutangulia, mabondeni hufuata. Kaskazini zaidi hutangulia, kusini hufuata. Kyoto ya Japani, kwa mfano, huwa imeiva vizuri katika nusu ya pili ya Novemba, wakati miji mingi ya kaskazini zaidi miti yake imeshabaki fito. Halafu kuna upepo. Usiku mmoja wa dhoruba unaweza kumaliza kila kitu ulichokuwa ukikingojea wiki tatu.

Mimi huchagua mti mmoja ulio kwenye njia ninayopita kila siku na kuutazama. Ukifika nusu kijani, nusu njano, mwisho wa wiki huohuo tunatoka, hata kama nyumba haijafagiliwa. Kusubiri Jumamosi iliyo kamili, yenye jua, isiyo na mgeni wala homa, ndiko kulikotukosesha vuli mbili mfululizo. Na kama jirani ana mti wa ginko, usiuache hata siku moja: hugeuka njano mti mzima, kisha majani yake huanguka karibu yote kwa mpigo, mara nyingine ndani ya siku moja tu.

Mtoto ameniuliza nani ameyapaka majani rangi. Nimjibu nini?

Mwambie ukweli, maana wenyewe unafurahisha kuliko hadithi. Kijani cha jani kinatokana na klorofili, ambayo jani huitumia kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Siku zinapofupika na baridi kuingia, mti huacha kuitengeneza, iliyobaki inavunjika na kijani kinaondoka. Njano na rangi ya chungwa zilikuwamo ndani ya jani muda wote, zimefunikwa tu. Hizo zinaitwa karotenoidi. Nyekundu ni habari nyingine. Inatokana na anthosianini, na hiyo miti mingi huitengeneza vuli hiihii, kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani. Ndiyo maana mwaka wenye mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha huwa na wekundu mkali, na mwaka wa mawingu mfululizo huwa na rangi zilizofifia.

Kisha mwokotee jani moja, umwonyeshe mwisho wa kikonyo, pale lilipokuwa limeshikana na tawi. Pana kidoa kikavu, kama kovu. Mti wenyewe umejenga tabaka la kuziba pale, jani likaachia. Wa kwangu aliposikia hivyo alikaa kimya, akaugeukia mti na kuuuliza kama umeumia. Sikuwa na jibu la haraka, tukaendelea kutembea.

Tutoke saa ngapi?

Asubuhi. Najua hukutaka kusikia hivyo.

Sababu ya kwanza ni mwanga. Katika mji ulio mbali na ikweta kama London, mwishoni mwa Septemba mchana hupungua kwa karibu dakika 4 kila siku. Mwezi mmoja ukipita, umeshapoteza karibu saa mbili. Aliyezoea jua linalozama saa ileile mwaka mzima hushtukizwa na jambo hili kila mara: mnakula mchana, mnaosha vyombo, mnatafuta viatu, mkifika bustanini giza limetangulia.

Halafu saa zenyewe hurudishwa nyuma: Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sehemu kubwa ya Marekani na Kanada ni Jumapili ya kwanza ya Novemba. London jua lililozama saa kumi na mbili kasorobo Jumamosi, Jumapili linazama saa kumi na moja kasorobo. Mtoto mdogo hajui habari za saa kurudishwa. Ataamka kwa saa yake ya jana, yaani mapema kwa saa nzima. Badala ya kugombana naye kitandani, mvisheni mtoke. Hiyo ndiyo asubuhi bustani huwa tupu kuliko zote.

Sababu ya pili ni umati. Tamasha lolote la mjini, saa ya kwanza baada ya kufunguliwa ni ya wenye watoto wadogo na wazee. Kuanzia saa nane mchana ni ya vijana na spika.

Na jioni je? Hakuna cha kufanya kabisa?

Kipo, na hakina kiingilio. Mwezi mpevu ulio karibu zaidi na tarehe ile ya usiku na mchana kulingana, unaojulikana kama mwezi wa mavuno, una tabia yake. Kwa kawaida mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Siku hizo, kwenye miji ya kaskazini, huchelewa kwa nusu saa hivi au hata chini ya hapo. Matokeo yake ni jioni kadhaa mfululizo ambazo mwezi mkubwa unachomoza mara jua linapozama, kabla watoto hawajalala. Tafuteni mahali pa juu panapotazama mashariki. Dakika ishirini zinatosha. Kipindi hicho hicho, Septemba au Oktoba, kuna Usiku wa Kimataifa wa Kutazama Mwezi, unaoratibiwa na NASA, shirika la anga za juu la Marekani, tangu mwaka 2010. Vikundi vya wapenda nyota katika miji mingi huleta darubini zao watu wachungulie.

Watoto niwavishe nini?

Hapa ndipo mitoko mingi huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nguo tatu nyepesi ni bora kuliko koti moja zito, kwa kuwa asubuhi ni baridi, saa sita ni joto, saa tisa ni baridi tena. Ya ndani isiwe pamba kama mtoto ni wa kukimbiakimbia: pamba ikilowa jasho hukaa na unyevu na kumpokonya joto. Sufu ni tofauti, hata ikilowa huendelea kutunza joto kiasi. Ya juu iwe ya kuzuia upepo na mvua.

Mtoto wa kwenye kigari au aliyebebwa ana hesabu yake. Wewe unasukuma, damu inakimbia, unafungua zipu. Yeye amekaa tu, na mwili mdogo hupoteza joto haraka kuliko wako. Mwongezee nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe. Ukitaka kujua kama ana baridi usiguse vidole, maana vidole vya watoto huwa baridi hata wakiwa salama. Ingiza mkono nyuma ya shingo. Pakiwa na joto na pakavu, yuko sawa. Pakiwa na jasho, mpunguzie. Na mkipanda gari, koti nene livuliwe kabla ya kufunga mkanda wa kiti chake, kwa sababu mkanda uliofungwa juu ya koti lililovimba haumshiki inavyopaswa. Mfunge, kisha mfunike kwa koti hilohilo.

Beba soksi za ziada. Si za mtoto tu. Mwaka mmoja niliingia kwenye dimbwi lililofunikwa na majani, likanifika kwenye kifundo cha mguu, na saa mbili zilizofuata mwenye kulia alikuwa mimi.

Tamasha litakuwa na watu wengi. Mtoto akipotea je?

Mjiandae mkiwa nyumbani. Piga picha ya kila mtoto asubuhi ile akiwa tayari amevaa, ili ukiulizwa alivaa nini usianze kubabaika. Andika namba yako ya simu kwa kalamu ya wino kwenye mkono wake, chini ya mkono wa sweta, mahali ambapo haisomwi na kila mpita njia. Mkifika, kabla ya jambo lolote, chagueni pa kukutania: kitu kikubwa kisichohama. Si "pale kwenye puto", puto linatembea.

Mfundishe maneno machache tu. Ukiona hunioni, simama hapohapo. Usinitafute, mimi ndiye nitakutafuta. Ukihitaji msaada, mwendee mfanyakazi mwenye sare au mama mwenye watoto. Rudieni mkiwa njiani, kama mchezo. Mkubwa akikosea, mdogo amsahihishe, watakumbuka wote wawili.

Mwanangu anaogopa kelele. Tuache kwenda?

Hapana, ila msiende kukaa mbele. Kipimo changu ni hiki: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, hapo pamezidi kwa masikio ya mtoto. Rudini nyuma, au mvishe vile vizuia kelele vya kufunika masikio. Mpe nafasi ya kutazama kwa mbali kwanza.

Ngoma zilipoanza, wa kwangu aliingiza kichwa chote ndani ya koti langu na kukibakiza humo. Nilitaka kuondoka. Baada ya muda nikasikia kidole kikigonga ubavuni mwangu, taratibu, kwa mapigo yaleyale. Tulibaki hivyo mpaka mwisho, yeye ndani ya koti, mimi nikipigwa ngoma ubavuni.

Kama analia na hatulii, ondokeni. Tiketi mliyolipa imeshalipwa, kukaa hakuirudishi.

Nitajuaje tarehe? Kila mwaka naambiwa tumeikosa.

Kwa sababu sherehe nyingi hazina tarehe moja. Zipo zinazofuata mwezi: Sikukuu ya Katikati ya Vuli ya Kichina huangukia siku ya 15 ya mwezi wa nane wa kalenda yao, kwa hiyo kwenye kalenda ya ukutani inaruka kati ya Septemba na mwanzoni mwa Oktoba. Diwali nayo hufuata mwezi mwandamo, ikaangukia Oktoba au Novemba. Zipo zinazofuata siku ya wiki: sikukuu ya shukrani Kanada ni Jumatatu ya pili ya Oktoba, Marekani ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Na zipo ambazo jina lake linapoteza watu kabisa. Oktoberfest, tamasha la bia la Munich, Ujerumani, lililoanza mwaka 1810, siku hizi hufunguliwa Septemba na kumalizika mwanzoni mwa Oktoba. Anayepanga likizo ya katikati ya Oktoba kwa kufuata jina atakuta mahema yanang'olewa.

Mwezi wa nane ukiisha, kaa chini mara moja, fungua ukurasa wa manispaa yenu, wa maktaba na wa bustani kubwa ya mji, uandike tarehe zote kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni. Simu huzikumbuka vizuri, lakini simu ni yako peke yako. Karatasi husomwa na wote, na mtoto atakukumbusha mara kumi kwa siku.

Hatuna hela ya viingilio. Tunaweza kupata nini cha bure?

Zaidi ya unavyodhani. Bustani za umma, kingo za mto, makaburi ya zamani yenye miti mikubwa (ndiyo, makaburi, katika miji mingi ndiko iliko miti mizee kuliko yote, mradi mtembee kwa heshima). Barani Ulaya, Septemba kuna Siku za Urithi, ambapo majengo mengi ambayo mwaka mzima yamefungwa huwa wazi, mengi bila malipo. Ufaransa ilianza mwaka 1984 na Baraza la Ulaya likaueneza mpango huo mwaka 1985. Watoto hupenda kuingia mahali ambapo kawaida hapaingiliki, hata kama ndani hakuna cha ajabu.

Jumamosi ya pili ya Oktoba ni Siku ya Ndege Wahamao Duniani. Si lazima muwe na hafla yoyote. Nendeni kwenye ziwa au bwawa la mji, mketi, mhesabu. Ndege wanaoondoka hujikusanya kwa makundi, na mtoto anayejua kwamba baadhi yao wanaelekea Afrika atawatazama kwa jicho jingine.

Gharama inayouma kwenye matamasha mara nyingi si mlango, ni njaa. Kuleni nyumbani mshibe, mbebe maji na vitafunwa, kisha kila mtoto apewe ruhusa ya kitu kimoja tu cha kununua, achague mwenyewe. Atazunguka saa nzima akitafakari, na hiyo ni burudani tosha.

Bibi na babu wataweza?

Wataweza kama njia imepangwa kwa ajili yao, si kama wameongezwa mwishoni. Jiulize mambo matatu: benchi liko wapi, choo kiko wapi, na tunatokea wapi tukichoka. Majani yaliyolowa huteleza kama sabuni, kwa hiyo chagueni njia zilizofagiliwa na viatu vyenye meno. Na usiwaulize mbele ya watu kama wamechoka, hakuna mzee atakayekubali. Sema wewe ndiye uliyechoka, ukae. Utaona wanavyokaa haraka.

Kijana wangu wa miaka kumi na tano hataki kutoka nasi.

Mpe kazi badala ya mwaliko. Apange yeye: usafiri, saa, tunaanzia wapi. Mpe na bajeti, asimamie. Aruhusiwe kuja na rafiki mmoja na kutembea hatua hamsini mbele yenu kama hampo. Akikataa kabisa, mwache abaki safari hii. Aliyeburutwa huwaharibia wote.

Sherehe nyingine zina mambo yasiyolingana na imani yetu. Tufanyeje?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, hasa inapokaribia tarehe 31 Oktoba, siku ya Halloween, ambapo watoto huvaa mavazi ya kutisha. Familia mbili za imani moja huweza kuamua tofauti, na sioni sababu ya mmoja kumsimanga mwenzake. Ninachoshauri ni kusoma ratiba badala ya kuhukumu jina. Tamasha la mtaa mara nyingi lina sehemu ya ibada, sehemu ya maandamano, sehemu ya michezo na maonyesho, kwa saa tofauti. Mnaweza kwenda kwenye moja na kuiacha nyingine. Mkiamua kutokwenda, mweleze mtoto sababu yenu bila kuwacheka majirani, maana kesho darasani atakaa nao meza moja. Na siku hiyo wapangieni jambo jingine lenye uzito. Kumwambia tu "sisi hatuendi" na kumwacha dirishani akitazama wenzake ni kumwonea.

Mvua ikinyesha?

Manyunyu, tokeni. Mabuti na koti la mvua, na dimbwi ni la bure. Upepo mkali ni jambo jingine: msitembee chini ya miti mikubwa, matawi makavu huanguka bila taarifa. Siku hiyo nendeni makumbusho au maktaba.

Kuna hatari gani msituni au bustanini?

Mbili nazitaja kila mara. Ya kwanza ni uyoga. Vuli ndiyo msimu wake, na watoto huupenda. Ule uitwao Amanita phalloides hupenda kuota chini ya mialoni, hata ndani ya miji, na sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Ubaya wake ni kwamba dalili huchelewa, mara nyingi saa 6 au zaidi, hivyo mtu hudhani amesalimika. Kanuni yetu ni kutazama kwa macho na kuacha ulipo. Mtoto akitia kinywani, msingoje aumwe: pigeni simu kwa huduma ya dharura au kituo cha ushauri wa sumu, mkiwa na kipande au picha ya uyoga ule.

Ya pili ni kupe. Watu hudhani kupe ni wa kiangazi, kumbe vuli bado wapo kwenye nyasi na majani. Mkirudi, kagueni nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, nyuma ya masikio na penye nywele. Mkimkuta, mshikeni kwa kibano chenye ncha nyembamba karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kuzungusha. Msipake mafuta wala kumchoma moto. Wiki zinazofuata, ukiona wekundu unaotanuka au homa, muone daktari na umtajie kupe.

Picha zetu hutoka majani yamefifia, kumbe kwa macho yanawaka.

Mnapiga jua likiwa mgongoni mwenu. Zungukeni, jani liwe kati yenu na jua, mwanga upite ndani yake. Piga tatu, weka simu mfukoni.

Majani tuliyookota yanajikunja na kuwa kahawia. Tuyahifadhije?

Yafanyieni kazi siku hiyohiyo. Yafuteni maji, yapangeni yasigusane katikati ya karatasi mbili za gazeti, mfunike kwa kitabu kizito kuliko vyote nyumbani. Wiki moja hadi mbili, mkibadilisha karatasi kama zimeshika unyevu. Njano hudumu kuliko nyekundu. Muandike tarehe kwenye kipande cha karatasi pembeni, na nani aliliokota. Sisi tuna moja lililoandikwa kwa herufi zilizopinda, "hili ni la babu asiliguse mtu".